Hewa yenye unyevu, sakafu kavu: kumtunza chatu-mpira katika nyumba ya nchi ya baridi

Mwanangu alipofikisha miaka 12 aliomba nyoka. Mimi nimezaliwa Tanga, na kwetu nyoka akionekana uani hatafutiwi chakula, hutafutiwa fimbo. Lakini huku Minnesota, Marekani, watoto hufuga nyoka kama sisi tulivyofuga njiwa, na baada ya kubembelezwa miezi mitano nikasalimu amri. Nilipompigia simu bibi yake kumpa habari, alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Sasa huyo nyoka mmemfungia nyinyi, au amewafungia yeye?"

Tulimchukua chatu-mpira. Ni chatu mdogo wa Afrika Magharibi. Ni nadra hata jike kuzidi sana mita moja na nusu. Akiogopa hujikunja donge na kuficha kichwa katikati, ndipo akapata hilo jina la mpira. Waingereza humwita chatu wa kifalme, na wanasayansi Python regius. Ni mpole, halishwi kila siku, hana kelele. Kilichotutoa jasho ni kitu kimoja, nacho ni unyevu wa hewa ndani ya kizimba chake. Majira ya kwanza ya baridi tulimkausha. Tulipogundua kosa, tukamlowesha. Yote mawili yalitupeleka kwa daktari wa wanyama, na bili za huko hazina huruma.

Mwongozo huu ni wa mzazi au kijana mwenye chatu-mpira nyumbani, hasa katika nchi zenye theluji. Shabaha yake ni moja: hewa ya kizimba iwe na unyevu, na pale anapolaza tumbo pawe pakavu. Ukishaelewa namna mambo hayo mawili yanavyoweza kukaa pamoja, kazi iliyobaki ni ndogo.

Anakotoka

Wengi wakisikia nyoka wa Afrika huwaza jua na mchanga. Chatu-mpira huishi nyikani na mashambani kuanzia Senegal, kupitia Ghana, Togo na Benin, hadi kaskazini-magharibi mwa Uganda. Juu ya ardhi ni kweli pakavu kwa miezi mingi ya mwaka, na upepo wa harmattan unaovuma kutoka Sahara hupasua watu midomo. Lakini mchana chatu huyu hayuko juu. Amejificha ndani ya shimo la panya au kichuguu. Aliyewahi kubomoa kichuguu kijijini anajua kwamba hata kiangazi kikiwa kikali, ukifukua kidogo tu unakuta udongo una ubaridi na unyevu. Hewa ya humo ndani ndiyo tunayoiiga.

Kwa namba: siku za kawaida kizimba kiwe na unyevu wa asilimia 60 hadi 75. Akiwa anajiandaa kujivua gamba, panda hadi 75 au 80. Ukishuka chini ya 50 kwa wiki nyingi mfululizo, gamba litaanza kutoka vipandevipande.

Kwa nini hewa ya nyumbani inakuwa kavu hivi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu sikuelewa kitu mpaka nilipoielewa hesabu hii.

Asilimia inayoonekana kwenye kipimo haisemi hewa ina maji kiasi gani. Inasema hewa imebeba sehemu gani ya mvuke ambao ingeweza kuubeba kwa joto lililopo. Hewa ya joto inabeba mvuke mwingi, ya baridi inabeba kidogo. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 30 za Selsiasi inaweza kubeba takriban gramu 30 za mvuke. Kwa nyuzi 20 ni kama gramu 17. Kwa nyuzi 10 chini ya sifuri, jambo la kawaida kabisa huku mwezi Januari, ni gramu mbili na ushee tu.

Sasa ichukue hewa hiyo ya nje, hata kama imejaa mvuke wake wote, uiingize ndani na kuipasha moto hadi nyuzi 21. Mvuke ni uleule, gramu mbili na ushee, lakini sasa hewa ingeweza kubeba 18. Kipimo kitaonyesha asilimia 13. Kinachotuokoa ni kupika, kuoga, kuanika nguo na kupumua, ndiyo maana nyumba nyingi hukaa kwenye 20 au 25. Halafu ndani ya kizimba kuna taa ya joto inayoipasha hewa hiyohiyo tena hadi nyuzi 32, na asilimia inashuka kwa karibu nusu nyingine. Chatu aliyezoea kichuguu anaishia kwenye hewa kavu kuliko jangwa, na sisi tunajiuliza mbona hataki kula.

Tanga, Mombasa au Dar es Salaam hewa ya kawaida huwa na asilimia 70 na zaidi bila mtu kufanya lolote. Ndiyo maana sisi watu wa pwani hatuna silika ya jambo hili. Kwetu shida ya unyevu ni nguo kuota kuvu kabatini.

Hatua ya kwanza: weka joto sawa

Usiguse unyevu kabla joto halijatulia. Unyevu mwingi pamoja na baridi ndiyo njia ya mkato ya kumpa nyoka ugonjwa wa mapafu. Upande wa joto, pale anapojipasha, uwe nyuzi 31 hadi 33. Upande wa ubaridi uwe 25 hadi 27, na usiku usishuke chini ya 24. Kwa walioko Marekani ambao vipimo vyao vinasoma Farenhaiti, 32 ni kama 90, na 25 ni 77.

Kila chombo cha joto kiunganishwe na themostati, kifaa kinachokizima na kukiwasha ili joto lisizidi. Hili halina mjadala: nyoka hana haraka ya kujiondoa kwenye kitu kinachomuunguza. Mawe ya umeme yanayouzwa madukani usiyanunue kabisa. Taa hukausha hewa sana kwa sababu inaipasha kutoka juu na kuisukuma itoke kwenye wavu. Paneli ya joto inayofungwa chini ya dari ya kizimba ina nafuu kidogo, ila bei yake si ya mchezo.

Hatua ya pili: pima, na kipimo nacho ukipime

Tulipoanza tulikuwa na kile kipimo cha mshale, cha duara, kinachobandikwa kioo. Kilisema 60 tangu siku ya kwanza. Kilisema 60 tulipofungua mlango, na kilisema 60 siku gamba lilipotoka kama makaratasi yaliyochanwa. Tulipoweka cha kidijitali tukakuta 31. Vipimo vya mshale vitupe.

Nunua viwili vya kidijitali, vya bei ya kawaida tu. Kimoja upande wa joto, kimoja upande wa ubaridi, vyote karibu na sakafu anakotambaa nyoka. Juu ya kioo hewa ni tofauti, na pembeni ya bakuli la maji kipimo kitakudanganya kwa kukufurahisha.

Kabla ya kuviamini vijaribu kwa chumvi. Jaza kizibo cha soda chumvi ya mezani, dondoshea maji kidogo mpaka iwe kama mchanga wa ufukweni ulioloa, isiwe mchuzi. Weka kizibo na kipimo ndani ya mfuko wa plastiki unaofungika vizuri, bila kugusana, uache chumbani usiku kucha hadi kesho mchana. Hewa juu ya chumvi iliyolowa hivyo hutulia kwenye asilimia 75, leo na kesho, Tanga na Minnesota. Kipimo kikisoma 75, kiko sawa. Kikisoma 70, andika nyuma yake "ongeza 5". Kimoja chetu kilisoma 68. Bado tunakitumia, maadamu tunajua uongo wake.

Andika namba za vipimo za asubuhi na jioni kwa siku nne kabla ya kubadili chochote. Utaona usiku, taa ikizimika, asilimia inapanda yenyewe. Hiyo ni ile hesabu ya juu ikifanya kazi, na wala huna haja ya kuirekebisha.

Hatua ya tatu: ziba mahali mvuke unapotorokea

Hii ndiyo hatua iliyofanya kazi kubwa kuliko zote kwetu, na iligharimu karibu bure.

Kizimba chetu ni tangi la kioo la sentimita 90 kwa 45, mfuniko wake ni wavu wa chuma. Hewa ya joto hupanda na mvuke unapanda nao, kisha vyote vinatoka juu kama moshi wa jiko la kuni. Kumwagia maji kizimba cha namna hiyo ni sawa na kujaza ndoo iliyotoboka.

Funika karibu robo tatu ya wavu. Sisi tulitumia foili ya jikoni iliyokunjwa mara mbili, tukaibandika kwa utepe wa alumini. Wengine hukata bamba la plastiki ngumu au kioo. Acha wazi sehemu ya taa na kipande kidogo upande wa pili, ili hewa iingie huku na itoke kule. Plastiki, kitambaa au taulo visikaribie taa: ni moto huo. Wanaotandaza taulo lililoloa juu ya wavu wenye balbu wananitia hofu kila ninapoona picha zao.

Na jambo ambalo halisemwi vya kutosha: utepe wowote wenye gundi ukae nje, juu ya wavu, pale ambapo nyoka hawezi kuufikia. Ukibandika selotepu ndani, ipo siku itabanduka kona, nyoka atajinasa, na kumnasua bila kumchuna ngozi ni kazi ya saa nzima ya mafuta ya kupikia na dua.

Kama bado hujanunua kizimba, nunua cha plastiki ngumu ya PVC chenye milango ya mbele na matundu machache ya pembeni. Kinatunza unyevu bila ufundi wote huu. Cha mbao ni kizuri pia, lakini sharti kipakwe vanishi ya kuzuia maji na viungio vizibwe kwa silikoni, kisha kiachwe wiki kadhaa harufu iishe. Mbao mbichi hunywa unyevu wote na baada ya mwaka inaoza.

Hatua ya nne: tandiko

Wafugaji wa kuku nyumbani wanajua maranda: ni mepesi, rahisi na yanafyonza. Kwa chatu-mpira hayafai. Yakikauka hayana msaada, yakiloa yanaota kuvu ndani ya siku chache. Ya mierezi na misonobari yana mafuta makali yanayoudhi mapafu ya nyoka. Magazeti na taulo za karatasi zinafaa kwa nyoka mgonjwa au mgeni anayechunguzwa, hazitunzi unyevu.

Linalofaa ni mnazi. Nilicheka siku niliyolipa dola kwa matofali ya usumba yaliyosafirishwa kutoka upande mwingine wa dunia, kitu ambacho Tanga tuliwashia moto. Usumba uliosagwa, ukichanganywa na vipande vya makumbi, hushika maji mengi na kuyaachia taratibu. Maganda ya miti yanayouzwa kwa ajili ya reptilia, hasa ya msaipresi, nayo ni mazuri. Sisi tunachanganya nusu kwa nusu.

Kina kiwe sentimita 8 hadi 10. Chini ya hapo mpango wote unavunjika, kwa sababu tunahitaji tabaka mbili: ya chini iliyoloa, ya juu kavu. Tangi kama letu linameza lita 32 hivi za tandiko, kwa hiyo usishangae matofali mawili yakiisha upesi. Loweka usumba, uache uvimbe, kisha ukamue kwa mikono. Konzi moja ukiikaza isidondoshe maji. Ukiifungua ishikamane kidogo halafu imomonyoke. Wakulima watauelewa upesi, ni kipimo kilekile cha udongo wa kupandia.

Hatua ya tano: mwagia, usinyunyizie

Muuzaji aliyetuuzia vifaa alitushauri tunyunyizie maji kwa chupa mara tatu kwa siku. Tukatii kwa bidii. Kila tukinyunyiza, kipimo kinaruka hadi 85, tunafurahi, tunakwenda kulala. Baada ya saa moja au mbili kimerudi pale pale. Maji yalikuwa juu ya tandiko, juu ya magogo na juu ya nyoka mwenyewe, yanakauka haraka na kuacha uso wa sakafu ukiwa na umajimaji muda wote. Baada ya wiki sita magamba ya tumbo yalianza kubadilika rangi, ya kahawia-nyekundu, kisha kukatokea malengelenge mawili. Daktari alituambia ni uozo wa magamba, unaoletwa na kulala kwenye unyevu wenye uchafu. Dawa ilifanya kazi, chupa ya kunyunyizia ikahamia kwenye maua.

Badala yake mwagia maji moja kwa moja kwenye kona za kizimba, polepole, kwa kikombe. Yanashuka hadi chini na kusambaa kwenye tabaka la chini. Joto la kizimba linayavuta juu kama mvuke kwa siku nyingi, huku uso ukibaki mkavu. Sisi tulianza na lita moja siku ya kwanza, nusu kila kona upande wa joto, kisha robo hadi nusu lita kila wiki wakati wa baridi. Majira ya joto huenda wiki tatu bila kumwaga tone. Kiasi chako kitatofautiana, ndiyo maana tulianza na vipimo: mwaga kidogo, subiri siku moja, soma, kisha uamue.

Kujua kama umefikia kiasi, bandika kiganja juu ya tandiko. Kikitoka kikavu, vizuri. Chimba kidole hadi chini: unyevu uwepo, lakini maji yasisimame. Ukiona kidimbwi chini ya kioo, umezidisha. Acha mfuniko wazi zaidi kwa siku mbili na usimwage tena mpaka kiishe.

Bakuli la maji lisaidie kazi hii. Pana ni bora kuliko lenye kina, kwa sababu mvuke hutoka usoni mwa maji. Kulisogeza kuelekea upande wa joto huongeza asilimia chache. Lisafishwe kila akilichafua, na maji yabadilishwe kila siku mbili hata kama yanaonekana safi.

Hatua ya sita: kichuguu cha ndani

Hata ukishindwa yote hapo juu, hili fanya. Chukua boksi la plastiki lenye mfuniko, la kuhifadhia chakula, ukubwa wa nyoka kujikunja humo na kuta zimguse. Kata mlango ubavuni, lainisha kingo zake kwa msasa. Ndani jaza majani laini ya kinamasi yanayoitwa sfagnamu, yaliyolowekwa na kukamuliwa mpaka hayadondoshi. Liweke katikati ya kizimba, likiegemea upande wa joto.

Boksi hilo humpa nyoka uamuzi: akihitaji unyevu mwingi anaingia, akitosheka anatoka. Wetu huingia humo siku mbili kabla macho hayajabadilika rangi, na sasa mwanangu anajua gamba linakuja kwa kuangalia boksi tu. Majani yabadilishwe kila mwezi, au mara moja ukisikia harufu ya uvundo.

Chumba chenyewe

Kama nyumba iko kwenye asilimia 20, kizimba kinapigana vita na nyumba nzima. Mashine ya kuongeza unyevu chumbani hadi 40 hivi inasaidia nyoka, mbao za samani na pua za watoto. Usizidishe: madirisha yakianza kulia maji usiku, kuvu wanakuja ukutani. Mashine ndogo za kupuliza ukungu ndani ya kizimba sizipendi. Zinalowesha uso, na tangi lake lisiposafishwa kila siku chache zinampulizia nyoka vijidudu puani. Kuna wanaozitumia vizuri, lakini wana nidhamu kuliko mimi.

Siku za gamba

Watanzania wanaukumbuka msemo wa "kujivua gamba" uliotawala siasa mwaka 2011. Nyoka hufanya kwa ukimya zaidi. Mtu mzima hujivua kila baada ya wiki nne hadi nane hivi, mdogo anayekua upesi huwahi zaidi. Rangi hufifia, tumbo linakuwa la waridi, kisha macho yanakuwa na utando wa bluu-maziwa kwa siku kadhaa. Halafu macho hung'aa tena na mgeni hudhani amekosea. Siku tatu hadi tano baadaye gamba linatoka.

Kuanzia rangi inapofifia, ongeza maji kidogo kwenye kona, hakikisha majani ya boksi yameloa, na usimshike. Haoni vizuri na ngozi yake inauma. Akikataa panya, mwache.

Gamba zuri hutoka zima, limegeuka ndani-nje kama soksi. Lioshe kwa maji ya uvuguvugu, ulinyooshe, uangalie mambo mawili: kofia mbili za macho, zinazoonekana kama vioo viduara, na ncha ya mkia. Zote zikiwepo, rudisha unyevu wa kawaida. Chochote kati ya hivyo kikikosekana, nenda sehemu inayofuata.

Gamba likikwama

Usivute. Najua vidole vinawasha, hasa ukiona kipande kinaning'inia shingoni, lakini ngozi mpya chini yake ni laini na inachubuka.

Kwanza panda na unyevu hadi 80, boksi likiwa na majani yaliyoloa, usubiri saa 24. Mara nyingi inatosha. Ikigoma, chukua boksi lenye matundu ya hewa, weka ndani taulo zilizolowekwa maji ya uvuguvugu, nyuzi 28 hadi 30, ukiyagusa kwa kiwiko yasikushtue kwa joto wala ubaridi. Mwingize nyoka atambae kati ya taulo kwa nusu saa, ukiwa umekaa hapohapo. Hakuna haja ya kumzamisha majini. Nyoka aliyechoka anaweza kuzama. Kisha mwache ajipitishe mikononi mwako ukiwa umeshika taulo lililoloa, gamba libaki kwenye taulo.

Ncha ya mkia usiidharau. Pete za gamba kuukuu zikikaa pale mara mbili tatu hukaza kama uzi na kuzuia damu, na ncha hufa. Macho ni ya daktari. Kofia ya jicho iliyokwama ikibaki baada ya gamba linalofuata, mpeleke. Kibano na jicho la nyoka visikutane nyumbani kwako.

Unyevu ukizidi

Kioo kikitokwa jasho asubuhi kisha kikakauka, hakuna tatizo. Kikitokwa jasho mchana kutwa, hewa haizunguki: fungua sehemu ya wavu. Kuvu weupe kwenye tandiko wachote na udongo unaowazunguka, kisha uchunguze kama uso umekuwa mbichi. Sisi tunaondoa kinyesi siku hiyohiyo na kubadili tandiko zima kila miezi miwili au mitatu.

Dalili za kumpeleka kwa daktari bila kungoja kesho kutwa: anapumua kwa sauti ya mlio au kukoroma, ana mapovu mdomoni au puani, anainua kichwa juu na kuacha mdomo wazi, au magamba ya tumbo yana wekundu na malengelenge. Tafuta mapema daktari anayejua reptilia, kwani wengi wa mbwa na paka hawagusi nyoka.

Wenye nyoka wengine

Namba hizi ni za chatu-mpira. Nyoka wa mahindi wa Marekani anaridhika na asilimia 40 hadi 60. Boa wa upinde wa mvua kutoka Brazil anataka 80 na zaidi, na huyo sikushauri aanze naye mtu. Yupo pia boa wa mchanga wa Kenya, mfupi mnene, anayeuzwa huku kwa jina hilohilo la Kenya. Anatoka maeneo makavu, anajifukia mchangani, na ukimwekea kichuguu cha maji nilichoeleza hapa utamuua kwa wema. Yeye apewe kizimba kikavu, bakuli dogo, na kona moja yenye unyevu kidogo.

Kwa msomaji aliyeko Kenya au Tanzania: sheria za wanyamapori, ya Kenya ya mwaka 2013 na ya Tanzania ya mwaka 2009, haziruhusu mtu kumiliki mnyamapori bila kibali, na chatu wa porini si wa kuokota. Huku Marekani pia kila jimbo lina lake. Hawaii hairuhusu nyoka wa kufugwa kabisa.

Ukisafiri

Chatu mzima mwenye afya anaweza kukaa wiki moja bila kulishwa na asijali. Siku mbili kabla ya safari mwagia kona nusu lita, ili uwe na muda wa kuona kipimo kinatulia wapi. Siku ya kuondoka safisha bakuli ulijaze, lowesha majani ya boksi, hakikisha themostati inafanya kazi na kufuli ya mfuniko imebana. Mwachie jirani ufunguo na maagizo mawili tu: abadilishe maji katikati ya wiki, na akutumie picha ya vipimo. Asinyunyize. Tulisahau kumwambia hivyo mara ya kwanza; tulirudi tukakuta kizimba kinanuka kama kinamasi, nyoka amepanda juu ya gogo kukwepa sakafu, na jirani anajivunia bidii yake.